Kazi Nayo Ijengewe Nyumba

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya nyumba moja ambayo watu wengi wa Migori na Homa Bay hawaijengi, na laiti wangeijenga mapema, kazi nyingi za mikono yao zingekwenda vingine.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa upande wa Rongo. Nikapita nje ya simba ya kijana mmoja, simba ile nyumba ya kijana katika boma la baba yake, nikaona ncha ya chuma imetokeza dirishani. Ilikuwa skweya tubu ya inchi moja na nusu. Unajua dukani inauzwa mita 6, yaani karibu futi 20. Chumba chake ni futi 10 kwa futi 10. Kitanda alikuwa amekisimamisha ukutani, godoro amelikunja juu ya kabati, mashine ya kuchomelea iko palipokuwa na meza ya chakula. Nusu ya chuma ilikuwa ndani mbele yake, nusu iko nje, imeegemea ua wa minyaa. Kila msumeno ulipokwenda, ile ncha ya nje ilicheza. Mtoto wa jirani akapita mbio, chuma kikamgonga begani. Hakuumia, alishtuka tu akalia. Yule kijana akatoka na msumeno mkononi, jasho linamtiririka, akaniambia, "Mzee, hii nyumba imekuwa ndogo."

Nikamwambia nyumba yake haina kosa. Imejengwa kwa kulala, na inalaza mtu vizuri. Kazi ndiyo haijapata pa kukaa.

Sisi Wakenya tumelizoea neno jua kali hata hatulisikii tena. Hebu lisikilize. Ni jina la watu waliofanya kazi bila paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya, na kwa ripoti hiyo dunia ikaanza kusema habari ya sekta isiyo rasmi. Hapa nyumbani wenyewe tulishaipa jina kwa kutazama migongo ya mafundi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akawaahidi vibanda, na miaka iliyofuata mabanda ya jua kali yakaanza kujengwa mijini katika wilaya nyingi. Waliofikiri habari ya paa hawakukosea. Lakini mabanda yale yalikuwa ya mjini, na fundi wa kijijini Uriri au Kasipul aliendelea chini ya mwembe. Wengine wakajisogeza kando ya lami. Na kando ya lami, barabara ikipanuliwa, tingatinga halikuulizi una oda ngapi za madirisha. Ndiyo maana nasisitiza nyumbani. Ardhi ya nyumbani ni yako, hulipi kodi ya mwezi, na usiku unalala karibu na vyombo vyako.

Wala kuipa kazi mahali pake nyumbani si jambo geni kwetu. Nenda Thimlich Ohinga, kule Nyatike, mahali ambapo UNESCO ilipaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu walianza kujenga pale yapata karne ya 16, mawe juu ya mawe bila chokaa wala saruji, na ziko kuta zinazopita mita 4 kwa kimo. Wageni wengi hustaajabia kuta na milango mifupi ile ya kuinamia. Mimi kila nikifika huomba nipelekwe upande wa kaskazini wa boma kubwa la Kochieng, mahali palipofanyiwa kazi ya chuma. Hebu fikiri. Watu wale walikuwa na hofu ya adui na ya wanyama, walikuwa na ng'ombe wa kulinda na watoto wa kulaza, na bado walipopanga makao yao moto wa mhunzi ukapewa mahali pake. Mifuo haikuwekwa penye kitanda cha mtu.

Basi tuanze na kupanga, na kupanga kunaanza kabla ya kuchukua futi kamba.

Jiulize kwanza kazi yenyewe ni ipi. Zunguka kwa miguu kutoka lango lako, mwendo wa nusu saa kila upande, utazame vinavyovunjika. Ukiwa Awendo au Ndhiwa, utakuta trela za miwa zimepinda ekseli na mbao za ubavuni zimetoka. Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru ni mashua zinazovuja, na siku hizi vizimba vya kufugia samaki ziwani, fremu za chuma zinazoshikwa na mapipa, ambazo maji hayaziachi salama. Macalder na machimbo ya dhahabu ya jirani, patasi na mitalimbo ya wachimbaji hutaka kunolewa kila siku. Na kila mahali kuna milango, madirisha, vitanda, madawati ya shule. Kazi unayoikuta ndiyo itakayokuambia nyumba iwe ndefu kiasi gani na mlango uwe mpana kiasi gani. Mtu wa trela anataka mlango ambao trela inaingia. Mtu wa vitanda anataka mlango unaopitisha kichwa cha kitanda cha sita kwa sita kikiwa kimeshaungwa, maana nimeona fundi akimaliza kitanda kizuri kisha akalazimika kukifungua chote ili kitoke.

Halafu mahali. Hapa ni lazima niseme na vijana wa Kiluo waziwazi, kwa sababu vitabu vya ujenzi havilisemi jambo hili. Dala, yaani boma, ina mpango wake: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango, simba za wana ziko chini karibu na lango. Karakana haina kitanda wala mafiga, lakini kabla hujachimba msingi, kaa na baba yako, au na jaduong', mzee wa ukoo, mkubaliane. Na kumbuka kwamba hutakaa kwenye simba milele. Siku itafika utahama ukaanzishe boma lako, goyo dala, na jengo la matofali halibebeki begani. Kwa hiyo kama bado uko simba, ushauri wangu ni fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti, ukuta wa mabati, na sakafu ndogo ya zege pale meza inaposimama. Siku ya kuhama unafungua bolti, unapakia kwenye lori, unakwenda nayo. Matofali mwachie aliyekwisha kupata dala yake.

Kwa yeyote kati yenu, iweke karakana upande wa lango, karibu na ua, iwe na mlango wake wa kutokea barabarani. Mteja asipite mbele ya jikoni kwa mama kuja kuuliza bei ya dirisha. Na jirani mfikirie. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, lakini kabla ya kanuni kuna ujirani. Mzazi mwenye mtoto mchanga upande wa pili wa ua anastahili kujua grinda itanyamaza saa ngapi.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo, maana uliniumiza.

Karakana yangu ya kwanza niliijenga Karachuonyo, si mbali na Kendu Bay, mwezi wa Februari. Ni ule udongo mweusi wa pamba ambao wenyeji wa nyanda za ziwani mnaujua vizuri. Februari unakuwa mgumu kama jiwe, umepasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mimi nikaona ugumu nikafurahi. Nikaparua majani, nikamwaga zege ya inchi tatu juu yake moja kwa moja, nikapaka saruji laini, ikapendeza hata nikawaita watu waje waone. Mvua za Aprili zikaja. Udongo ukanywa maji, ukafura. Mwezi wa Mei niliweka bisibisi juu ya meza, ikabingiria yenyewe mpaka ukingoni ikaanguka. Nikaiokota, nikairudisha, ikabingiria tena. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa kobe. Mlango ukakataa kufunga. Kiangazi kilichofuata udongo ukanywea, sakafu ikabaki inaning'inia, ikapasuka kutoka mlangoni mpaka chini ya jiliwa, ufa ambao futi ya chuma ilizama ndani. Nilikaa juu ya ndoo nikautazama ule ufa kwa muda mrefu. Kisha nikachukua nyundo ya mawe nikaivunja sakafu yote.

Udongo ule ukinywa maji hufura, ukikauka hunywea, na haumchoki mtu. Dawa yake ni kuuondoa. Chimba mpaka ufikie murramu au udongo mgumu usiobadilika. Kama uko mbali sana, ondoa angalau kina cha mita moja hivi, ujaze murramu tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15, ulimwagie maji na kulishindilia kabla ya kuweka jingine. Juu yake mawe ya hadikoo, kisha dawa ya mchwa, kisha karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa chuma wa BRC, kisha zege. Usipande mti mkubwa karibu na ukuta, kwa sababu mizizi hunyonya maji upande mmoja na udongo hunywea upande huo. Na maji ya paa yasianguke kamwe kando ya msingi.

Huko Rongo, Awendo na nyanda zinazopanda kuelekea Kisii udongo ni mwekundu na una huruma zaidi. Hata hivyo mchwa wako kila mahali. Nguzo ya mbao ikigusa udongo, hiyo ni karamu yao. Iinue juu ya kiatu cha chuma au kipande cha zege, sentimita 20 hivi kutoka ardhini, ili njia ya mchwa wakipanda uione kwa macho.

Sakafu yenyewe iwe zege ya sentimita 10 kwa kazi za kawaida, na pale unapokusudia kuweka mashine nzito iwe sentimita 15. Kipimo ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga wa mto uoshwe kama una matope. Na tafadhali, zege ikishamwagwa, inyweshe maji siku saba kamili, uifunike kwa magunia. Watu hutumia fedha nyingi kwenye saruji halafu wakashindwa na maji ya bure.

Ukubwa. Rudi kwenye ile skweya tubu ya mita 6. Ndani ya karakana lazima ilale, na wewe upite kwenye ncha zake. Kwa hiyo mita 8 kwa urefu, mita 5 kwa upana, hapo mtu anafanya kazi akiwa na heshima yake. Kama fedha haifiki, jenga mita 5 kwa 4, lakini toboa kidirisha kidogo ukutani, kimo cha meza, na kingine ukuta wa mbele yake sawasawa. Chuma kirefu au mbao ndefu ipite moja kwa moja, itokee upande wa pili ndani ya ua wako ambako watoto hawapiti. Kidirisha chenye kifuniko na komeo, futi moja kwa futi moja, kinaongeza urefu wa nyumba kuliko matofali mia tano. Seremala naye akumbuke plaiwudi na MDF huja futi 8 kwa 4. Ukiipasua kwa mashine ya mezani, unahitaji futi 8 kabla ya msumeno na futi 8 baada yake. Kuta ziende juu mita 3, ili mbao isimame wima bila kugonga paa.

Jua letu nalo lina desturi zake. Homa Bay iko nusu digrii kusini mwa ikweta, Migori kama digrii moja. Jua linapita karibu utosini mwaka mzima, miezi fulani likiinamia kaskazini, miezi fulani kusini. Asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, jioni ukuta wa magharibi, bila huruma. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha makubwa yawe huko, na paa litokeze sentimita 70 hivi kuyafunika. Ukuta wa magharibi usiutoboe sana. Huko weka rafu za mbao. Mwanga wa kaskazini na kusini ni mtulivu, unaona mstari wa penseli bila kukunja uso.

Paa la mabati, bila shaka, lakini uliza geji. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Saa nane mchana chini ya bati fundi hawezi kufikiri. Acha nafasi ya nusu futi kati ya ukuta na paa, uizibe kwa ule wavu wa kofi trei, hewa moto itoke na popo asiingie. Mabati mawili ya kupitisha mwanga yanatosha, upande wa kaskazini, na yasiwe juu ya meza yenyewe.

Weka mifereji. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya alasiri moja tu, ni lita 1,000. Yale maji yaliyokuwa yaue msingi wako sasa yamo ndani ya tangi, mama anafulia.

Umeme. Tangu mwaka 2015, mradi ule wa kufikisha umeme hadi maili ya mwisho uliwaunganisha watu wengi vijijini kwa shilingi 15,000, na wengi wetu tulipata stima kwa njia hiyo. Ni umeme wa fezi moja, volti 240. Unatosha kwa taa, drili, grinda, msumeno wa mkono wa umeme na mashine ya kuchomelea ya inveta. Lethi kubwa ya kukereza chuma na randa kubwa ya mashine mara nyingi hutaka fezi tatu, volti 415, na hiyo ni maombi mengine na gharama nyingine. Uliza kabla ya kununua. Nimeona lethi nzuri ya mtumba imefunikwa turubai miaka miwili, kuku wanataga juu yake, kwa sababu mwenyewe aliuliza bei na hakuuliza fezi.

Kosa jingine ni kuvuta waya mwembamba kutoka nyumba kubwa, mita 50, mpaka karakana. Umeme unachoka njiani. Mota inapata volti kidogo, inanguruma bila nguvu, inapata moto, inaungua, na fundi anailaumu mashine. Vuta waya mnene kutoka kwenye sanduku kuu, karakana iwe na sanduku lake dogo, taa ziwe na swichi yake, soketi yake, mashine ya kuchomelea yake peke yake. Swichi kuu iwe karibu na mlango, mahali mkono unafika hata gizani. Kazi hiyo afanye fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na ile waya ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungue yote kabla ya kutumia mashine nzito. Ikiwa imejikunja inajipasha moto yenyewe mpaka plastiki iyeyuke.

Kuna na radi. Bonde hili la ziwa ni kati ya mahali palipo na radi nyingi sana duniani. Hakuna msimu tunaokaa bila kusikia mtu au ng'ombe amepigwa. Paa la bati liunganishwe na nondo ya shaba iliyozikwa ardhini, na wingu likianza kujikusanya alasiri, chomoa mashine kabisa kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi.

Kama unafanya mbao na chuma vyote, jenga ukuta katikati. Nalisema hili nikimaanisha. Cheche ya grinda inaruka mita nyingi, inaingia ndani ya vumbi la mbao, inalala humo kimya. Wewe unafunga mlango saa kumi na mbili unakwenda kula. Saa tano usiku ndipo moshi unaanza. Vumbi lote litoke nje kila jioni, maranda yaende kwenye jiko au kwenye banda la kuku, na ndoo mbili za mchanga zikae mlangoni daima.

Upande wa chuma kuna jambo linalonihuzunisha kila nikipita mjini: vijana wanachomelea wamevaa miwani ya jua. Miwani ya jua haizuii mwale ule. Usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga, na mwaka baada ya mwaka nuru inapungua. Nunua kinyago chenye kioo cha namba 10 au 11 kabla ya kununua mashine. Na ukichomelea bomba la mabati, lile lililopakwa zinki, toka nje penye upepo au uwashe feni ikutoe moshi usoni. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku uleule. Watu watakuambia unywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda kwenye mapafu. Seremala naye asijidanganye: vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Na kinga ya grinda iache palepale ilipofungwa kiwandani. Diski ikipasuka, ni kile kipande cha bati tu kilichoko kati yake na koo lako.

Haya, nyumba imesimama. Kitu cha kwanza kuingia ndani ni meza. Isiwe mashine, iwe meza. Miguu ya nne kwa nne, uso wa mbao nene ya inchi mbili au zaidi, ikauke vizuri kwanza, na ifungwe ukutani au sakafuni isitikisike. Kimo chake kipime kwa mwili wako: simama wima, angusha mikono, uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwa kimo hicho unasukuma randa kwa mwili mzima, wala hutumii mabega tu. Lakini jiliwa la kushikia chuma lifunge juu zaidi, meno yake yafike kwenye kiwiko, kwa sababu tupa inataka mkono uende sambamba na ardhi. Watu hufunga jiliwa popote kisha wanaumwa mgongo miaka ishirini.

Vyombo vya mkono ndivyo vianze: msumeno, randa, patasi tatu, nyundo, skwea, futi kamba, pima maji, timazi, tupa, jiwe la kunolea. Halafu drili na grinda. Halafu inveta. Kila chombo kikulipie kinachofuata. Vitundike ukutani juu ya ubao, na uchore umbo la kila kimoja kwa rangi nyuma yake. Jioni ukifunga mlango unatazama ukuta mara moja tu. Umbo lisilo na chombo linakuita kwa jina.

Na mbao zipate mahali pa kulala. Nyingi tunazouziwa, ziwe saiprasi au mkaratusi wa shambani, ni mbichi. Ukitengeneza mlango leo, mwezi wa pili umepinda. Zipange ndani, kavu, mbali na sakafu, weka vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao, vijiti vifuatane juu na chini mstari mmoja, paka rangi kwenye ncha zisipasuke. Uziache miezi. Nyumba ya kazi inakupa hilo hasa, uwezo wa kungoja. Chini ya mwembe huwezi kungojesha mbao, mvua itakuja.

Mwisho nilirudi Rongo, Jumamosi iliyopita. Yule kijana alikuwa ameshaongea na baba yake. Amepewa kipande kando ya lango, upande wa njia, penye muhogo uliokwisha kuvunwa. Yeye bado yuko simba, kwa hiyo itakuwa fremu ya bolti na mabati. Tulipiga vigingi vinne, tukavuta kamba, mita 8 kwa 5, baba yake akishika ncha moja. Tukapima kutoka kona hadi kona mara mbili, vipimo vikalingana, kwa hiyo pembe zilikuwa sawa. Kisha kijana akaenda nyuma ya simba, akarudi na ile skweya tubu begani, akailaza chini katikati ya kamba zile. Ikalala yote. Akasimama kwenye ncha moja, baba yake akasimama kwenye ncha nyingine, na nyuma ya kila mmoja wao ikabaki hatua moja kabla ya kamba.